Fundi umeme wa Nyakato anayepima sensa za ABS kabla ya kukuuzia chochote

Kama taa ya ABS, ile ya njano ya breki kwenye dashibodi, imekuwakia na uko Mwanza, usikimbilie kununua sensa. Nenda Nyakato kwa fundi umeme mmoja ambaye kazi yake kubwa ni kupima, na akishamaliza kupima ndipo anasema kinunuliwe nini, au kwamba hakuna cha kununua. Mimi ameniokolea hela na ameniondolea hofu. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wa mji huu wanalipia spea za kuchukua nafasi ya vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Ameniomba nisitaje jina wala namba yake ya simu. Yuko yeye na kijana anayemfundisha kazi, basi, na magari yakijaa inabidi aanze kurudisha watu, jambo ambalo linamuumiza. Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma, unapita Mabatini, unafika Nyakato. Yeye yuko upande wa kushoto, ndani kidogo, kibanda cha mabati chini ya mwarobaini, mlangoni pamepangwa betri zilizokufa. Ulizia fundi wa taa za dashibodi. Bodaboda wa pale wanamjua.

Mimi ni muuza samaki. Alfajiri nachukua sato na sangara Mwaloni Kirumba, nawapanga kwenye maboksi ya barafu nyuma ya Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2004, na siku nyingi safari inaishia Sengerema. Zamani tulikuwa tunalala njaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kama kilomita 3 juu ya maji, ni mwendo tu mpaka ng'ambo. Barabara yenyewe sasa: bodaboda wanachomoka Mkuyuni bila kutazama, daladala zinasimama ghafla Nyegezi, Buhongwa watoto wa shule wanavuka, ukishapita hapo ni ng'ombe. Ongeza mvua, ongeza mzigo wa barafu nyuma, na utaelewa kwa nini taa ya breki hainipi usingizi.

Kwa asiyejua, ABS ni ule mfumo unaozuia tairi kujifunga na kuserereka unapokanyaga breki kwa nguvu. Kila tairi ina sensa inayoiambia kompyuta tairi inazunguka kwa kasi gani. Moja ikianza kusimama wakati zenzake bado zinazunguka, kompyuta inalegeza breki ya hiyo tairi na kuibana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili uweze kufunga breki na bado ukate usukani umkwepe mtu. Bosch na Mercedes-Benz waliutoa sokoni kwa magari ya watu mwaka 1978, na leo uko kwenye magari mengi tunayoagiza kutoka Japani. Taa ya njano ya ABS ikiwaka, mfumo huo umejizima. Breki za kawaida zinabaki. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, hapo paki gari, umwite fundi aje ulipo.

Sasa kosa langu. Taa ilianza mwanzoni mwa mvua. Ukiwasha gari asubuhi inawaka kidogo na kuzima, kama inavyotakiwa, kisha ukifika Mkuyuni inarudi na kubaki. Mchana jua likishakausha kila kitu, unazima gari, unawasha, haipo. Baadaye, nikiwa nimeshabadilishiwa sensa kama nitakavyoeleza, ikawa inakuja hata siku kavu, hasa nikikata kona kali ya kuegesha pale sokoni.

Gereji ya kwanza niliyokwenda sitaitaja. Walichomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ikatoa namba ya kosa C0200, kijana akaitafuta kwenye simu yake akasoma: sensa ya mbele kulia. Bei ikatajwa palepale. Sensa 90,000, kufunga 20,000. Ikafungwa, namba ikafutwa, taa ikazima, nikalipa. Mvua iliyofuata taa ikarudi na namba ileile. Niliporudi kwao wakaniambia basi kompyuta ya ABS imekufa, na bei waliyoitaja ni karibu mtaji wangu wote. Sikuwaelewa. Wiki iliyopita ilikuwa sensa, leo ni kompyuta, na katika yote mawili hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme. Mwenzangu wa Mwaloni, anayebeba dagaa kwenda Shinyanga, ndiye aliyenielekeza Nyakato.

Fundi huyu hakuanza na gari. Alianza na mimi. "Shikamoo mama. Taa inakuja ukiwa umenyooka au ukikata kona? Mara ya kwanza ilikuwa siku ya mvua au ya jua? Ukisimama polepole kabisa, pedeli inakugongagonga mguuni? Nani ameishika hiyo tairi hivi karibuni?" Kila jibu aliliandika kwenye daftari la shule. Swali la pedeli nilimuuliza maana yake. Akasema sensa ikiwa mbali na ringi yake ya meno, ile pete ya chuma inayozunguka na tairi, kwa sababu ya kutu, au ringi ikiwa imepasuka, kompyuta inaweza kudhani tairi imesimama na kuanza kulegeza breki wakati hujakanyaga kwa nguvu, na hilo utalisikia mguuni. Kwangu halikuwepo. Tayari alikuwa ameondoa jambo moja kwenye orodha bila kufungua nati.

Kisha akachomeka mashine yake. Hapa nitoe angalizo kwa wenye vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyosomwa kwa simu: vingi vinasoma injini tu, havifiki kwenye ABS, kwa hiyo kikikuambia gari halina kosa lolote huku taa inawaka usikiamini. Mashine ya huyu fundi si mpya wala si nzuri kutazama, kioo kimepasuka pembeni, lakini inaingia hadi kwenye kompyuta ya ABS. Ilisoma C0200, kama kule kwingine. Alimwonyesha kijana wake pia njia ya zamani ya Toyota, ambayo haihitaji mashine: swichi ikiwa imezimwa, unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 za ile soketi kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, taa ya ABS yenyewe inahesabu. Iliwaka mara tatu, ikapumzika, ikawaka mara moja: 31, mbele kulia. Ingekuwa 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Alimsisitizia kijana ahesabu matundu mara mbili kabla ya kugusa, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu.

Baada ya kusoma hakusema "sensa". Alisema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: "Mama, hii namba inataja njia, haitaji kilichoharibika njiani. Njia ina sensa, ina waya mbili, ina soketi, ina kompyuta. Sasa tuitembee yote."

Tukaanza kwa kuendesha. Mimi kwenye usukani, yeye pembeni na mashine, tukaelekea Igoma. Kwenye kioo zilikuwa zinaonekana kasi za tairi zote nne kwa pamoja. Barabara ikiwa imenyooka, zote zilikwenda sawa, 38, 39, 38. Tulipoingia uwanja mmoja mpana akaniambia nikate usukani wote kulia nizunguke polepole. Ile ya mbele kulia ikaanguka hadi 0, ikaruka, ikaanguka tena. Nyingine tatu hazikutikisika. Niliyaona kwa macho yangu, na hapo nikaelewa kwamba sensa niliyouziwa ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa kila tairi ilipokuwa imenyooka.

Tuliporudi alipandisha gari kwa jeki, akaweka stendi chini, akavua tairi. Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka kila mwenye gari akidai kwa fundi wake.

Kwanza betri: 12.5 volti injini ikiwa imezimwa, 14.1 ikiwa inaunguruma. Alisema betri ikilegea ABS ndiyo ya kwanza kulalamika, na watu wanabadilisha sensa kumbe alteneta haichaji. Fyuzi za ABS akazitoa na kuzipima. Kisha akachukua waya unaokwenda kwenye bodi kutoka kompyuta ya ABS, akaupima mfumo ukiwa umewashwa na umeme unapita, kuona ni volti ngapi zinapotea kati yake na kichwa cha hasi cha betri. Mita ilionyesha sehemu tano kwa mia za volti moja, yaani 0.05. "Huyu mzima," akasema. "Angekuwa anapoteza nusu volti ningemshuku." Kompyuta niliyotakiwa kuinunua ikaanza kupata utetezi.

Pili sensa. Sensa za mbele za gari langu ni za aina ya koili: ndani kuna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na meno ya ringi yakipita mbele yake inazalisha umeme mdogo wenyewe, bila kulishwa na betri. Ukinzani wa koili za namna hii, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita, kwa kawaida huwa kati ya omu mia kadhaa na omu elfu mbili na kitu. Yangu ilionyesha karibu 1,500. Akaenda tairi ya kushoto, ambayo haijawahi kulalamika, akapata karibu hapohapo. Kulinganisha kulia na kushoto kunamsaidia hata pale asipokuwa na kitabu cha gari. Akaiweka mita kwenye volti za AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi, akamwambia kijana azungushe habu, pale tairi inapofungwa, kwa mkono. Namba zikapanda kadiri habu ilivyozunguka, zikashuka iliposimama. Sensa ilikuwa nzima. Na kwa jinsi nilivyoelezwa, hata ile ya zamani iliyotupwa huenda ilikuwa nzima pia, ila hatukuwa nayo tuipime.

Tatu, na hapa ndipo alipoweka muda wake mwingi, waya. Alizima swichi, akachomoa betri, akasubiri kidogo, ndipo akachomoa soketi kubwa ya kompyuta ya ABS. Hiyo soketi haichomolewi umeme ukiwepo. Akaipima sensa kutokea huko, kwenye pini mbili za ile njia, akapata 1,500 zilezile. Fundi mwingine angeishia hapo akasema waya ni mzima. Yeye alimwambia kijana ashike habu aigeuze polepole hadi mwisho wa kulia huku yeye akitazama mita. Namba ikaruka hadi 4,000, ikapotea kabisa, ikarudi. Akamwambia airudishe katikati: 1,500. Akaniita nije nitazame, wakarudia.

Alinieleza kwa subira kwa nini mita ilidanganya mwanzoni. Mita inapima ukinzani kwa kupitisha umeme mdogo sana, na nyuzi moja ya shaba iliyobaki, au pini iliyogusana kwa ncha tu, inatosha kuipa jibu zuri. Gari likitikisika mguso unapotea kwa muda mfupi sana, lakini kompyuta inaona. Kwa hiyo waya wa sensa haupimwi ukiwa umetulia. Unapimwa ukivutwa, ukikunjwa, ukigeuzwa, na ukilowa.

Kulowa ndiko kulikonifurahisha kuliko vyote. Alikuwa na chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni. Alipima kwanza kati ya waya wa sensa na bodi ya gari: mita haikuonyesha kitu, ndivyo inavyotakiwa, maana waya hautakiwi kugusana na bodi hata kidogo. Akapulizia maji juu ya soketi iliyo ndani ya madigadi, nyuma ya ule mfuniko wa plastiki, akasubiri. Namba zikaanza kuonekana, kilo-omu mia na kitu, zikashuka hadi arobaini. Umeme ulikuwa unavuja kupitia unyevu. Ile mvua ya Mkuyuni aliitengeneza kibandani kwake kwa chupa ya shilingi elfu mbili.

Alipoifungua soketi nikaona mwenyewe. Upande wa sensa, mpya, pini zinang'aa. Upande wa gari, rangi ya kijani, na moja ya pini za kike imepanuka hata haibani. Akakata ganda la waya kidogo: shaba ndani nyeusi. Akakata tena mbele, bado nyeusi. Maji yalikuwa yamepanda ndani ya waya huku ganda la nje likionekana zima kabisa. Na kile kibano kinachoshikilia waya wa sensa kwenye shokapu hakikuwepo. Waliofunga sensa hawakukirudisha, kwa hiyo kila nilipokata usukani waya ulikuwa unaivuta soketi yenyewe. Ndiyo maana kosa la siku za mvua likageuka kuwa la kila siku. Mimi naosha gari kwa wale vijana wenye pampu za maji ya nguvu, na fundi alisema wakielekeza maji ndani ya madigadi kila wiki, raba ya soketi ikishachoka haiwezi kuyazuia. Wanaoingiza magari ziwani kuyaosha ndio wabaya zaidi, kwa gari na kwa maji tunayokunywa.

Marekebisho yenyewe hayakuwa na maajabu. Alikata hadi akapata shaba safi, akaweka soketi nyingine aliyoitoa kwenye gari lililobomolewa kwa ajili ya spea na kuipima kwanza, akaunganisha kwa risasi ya kuyeyusha sehemu ambayo waya haujikunji, akavalisha mpira unaobana ukipigwa moto, wenye gundi ndani. Maungio mawili hakuyaweka sambamba, ili hata mpira ukichanika yasigusane. Jambo moja ambalo sikulijua: zile waya mbili zimesokotwa pamoja kutoka kiwandani ili zisipokee kelele za umeme kutoka kwenye plagi na alteneta, na yeye alipomaliza alizisokota tena vilevile. Kijana alitaka kuzinyoosha zionekane nadhifu, akamkataza. Kibano cha shokapu kikatafutwa, kikafungwa.

Akarudia vipimo vyote. Habu kulia, habu kushoto, maji, mita. Haikutikisika. Akafuta namba ya kosa, tukaenda mahali pasipo na watu, nikafika kama 40, akaniambia nikanyage kwa nguvu zote nisiachie. Pedeli ikagonga mguuni kwa haraka, gari likasimama limenyooka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia ABS ikifanya kazi tangu niimiliki hiyo gari, na nilitamani kila dereva anayebeba watu katika mkoa huu angekaa kwenye kile kiti.

Alinipa tahadhari ambayo ni ya haki niiseme. Kwenye barabara ya changarawe iliyolegea, ABS inaweza kukufanya usimame mbali kidogo kuliko tairi zikijifunga, kwa sababu tairi iliyojifunga inasukuma changarawe mbele yake na hiyo inaizuia. Unachobaki nacho ni usukani. Kwa hiyo kwenye vumbi punguza mwendo, usijiamini kwa sababu tu taa imezima.

Nilipokuwa nasubiri, aliletwa mteja mwingine mwenye gari jipya zaidi kuliko langu, na niliona fundi hatumii njia moja kwa wote. Sensa za magari hayo hazipimwi omu. Zina kijikompyuta ndani, zinalishwa umeme na kompyuta ya ABS, na jibu lake ni mkondo unaoruka kati ya miliampia 7 na 14 hivi kadiri tairi inavyozunguka. Ukiipima kwa omu unapata namba isiyo na maana na unaweza hata kuiharibu. Alipima kama umeme unafika kwenye soketi, ukafika. Akapima mkondo: umekwama, hauruki tairi ikizungushwa. Mwenye gari akasema beringi ya tairi hiyo ilibadilishwa juzi. Fundi akacheka kwa huruma, akaitisha beringi itolewe. Beringi za aina hiyo upande mmoja una pete ya sumaku ndani ya sili, ndiyo inayosomwa na sensa badala ya meno. Alisogeza klipu ndogo ya karatasi: upande mmoja ikanata, mwingine ikaanguka. Beringi ilikuwa imefungwa kinyume, pete ya sumaku inatazama nje, sensa inatazama chuma kitupu. Mteja alikuwa amekuja na sensa mpya mkononi, bado imo kwenye boksi. Aliambiwa airudishe dukani.

Bei. Kupima kwa ujumla alinitoza 25,000, na kazi ya soketi na waya 35,000. Kuna watu wanalalamika kwamba kule mjini mashine wanapiga kwa 10,000. Ni kweli, lakini ya 10,000 ni kusomewa namba, na namba hata wewe unaweza kuisoma kwa kipande cha waya kama nilivyoeleza. Unachomlipa huyu ni saa nzima na zaidi ya kufuatilia waya kutoka tairi hadi kompyuta. Kitu kingine kilichonipendeza: hela ya kupima anaitaja mwanzo, na ukiamua kwenda kutengeneza kwingine hakuwekei kinyongo, anakuandikia alichokiona kwenye karatasi uende nayo.

Yapo yasiyoridhisha, nayo niyaseme. Kibanda hakina paa la kutosha, mvua kubwa ikianza kazi inasimama na gari lako linabaki nusu limefunguliwa. Anafanya kazi polepole. Ukimkuta na magari mawili mbele yako, siku imekwenda, na muuza samaki mwenye barafu inayoyeyuka hawezi kumpelekea gari lenye mzigo. Hakai na spea, kwa hiyo ikigundulika ni sensa kweli, itabidi uifuate mjini mwenyewe. Ringi ya meno ikiwa imepasuka au beringi imekufa hafungi yeye, anakupeleka kwa fundi makanika jirani, na huyo jirani kwa maoni yangu hana uangalifu wa aina hiyo. Ukipelekwa kwake simama pale uangalie vibano vyote vikirudishwa. Risiti ya mashine hana, anaandika kwa mkono.

Kwa gari langu, masika imepita na taa haijarudi.

Ukienda, mambo machache yatakayomrahisishia. Usikubali mtu yeyote afute namba za makosa kabla ya kufika kwake. Usilioshe gari siku hiyo. Kama tairi zako zina saizi tofauti, mwambie mapema, maana tairi ndogo inazunguka haraka kuliko wenzake na kompyuta inaweza kuihesabu kama kosa la sensa wakati hakuna waya uliokatika. Kumbuka taa inakuja wakati gani na ukifanya nini, maana atakuuliza kabla hajashika bisibisi. Kama umeshabadilishiwa sensa, nenda na ile ya zamani. Anafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hayupo.